UZI MAALUM: Kurekebisha modeli ya Type 59 (1/35) iwe kifaru cha JWTZ cha 1979 na sio T-55 iliyobandikwa bendera yetu

#1

Wakuu habari za humu. Huu uzi ni wa sisi tunaounga vifaru vidogo vya plastiki, lakini hata kama hii kitu hujawahi kuishika karibu usome tu maana ndani yake kuna vita ya Kagera.

Kuna modeli ninayo mezani, kampuni siitaji, boksi limeandikwa Type 59 kwa herufi kubwa kabisa na mchoro wa juu ni Type 59 kweli, ila ukifungua ukapanga vipande vyote unakuta ulichouziwa ni T-55 ya Mrusi. Wamechukua fremu zao (zile plastiki zinazoshika vipande) za T-55 walizokuwa nazo siku zote, wakachapa boksi jipya, wakaongeza stika za Mchina, basi. Na ukiifuata karatasi ya maelekezo kama ilivyo mpaka mwisho unapata modeli nzuri, safi, inayokaa vizuri, ila ni kifaru kingine.

Mtu atasema T-55 na Type 59 si kitu kimoja tu. Hapana wakuu, na kwa Mtanzania hii tofauti ina uzito kuliko kwa mtu mwingine yeyote duniani. Amin aliingia Kagera mwisho wa Oktoba 1978, Novemba mwanzoni daraja la Kyaka likalipuliwa, kilichofuata tunakijua, Masaka Februari 1979, Lukaya Machi, Kampala Aprili. Pale Lukaya kwenye ile barabara inayokatiza kinamasi Walibya waliotumwa na Gaddafi walikutana na brigedi yetu ya 201 ya Imran Kombe, na brigedi ya 208 ya Mwita Marwa ikazunguka ikatokea kwenye barabara ya kwenda Kampala ikawapiga toka huko. Vifaru vyetu Type 59 vya Mchina, vya kwao T-54 na T-55. Kwahiyo ukiunga hii modeli kama ilivyo ukaiwekea alama za JWTZ umechukua kifaru cha adui ukamkabidhi askari wetu. Kaboya pale Muleba wamelala watu waliopigana ile vita, na wazee waliorudi wengine bado tunao mtaani, tuwawekee kifaru chao cha kweli.

Tuanze na historia fupi ili marekebisho yaeleweke. Type 59 ni nakala ya T-54A ya Mrusi. Mrusi alimpa Mchina michoro, kiwanda kikajengwa Baotou kule Mongolia ya Ndani, na jina limetokana na mwaka 1959. Tani 36, injini ya dizeli silinda 12 nguvu farasi 520, mzinga wa mm 100, risasi za mzinga 34, watu wanne ndani. T-55 yenyewe ni T-54 iliyoboreshwa, Warusi waliikubali 1958 wakaiwekea injini ya farasi 580, risasi 43, na mfumo wa kumkinga askari na mlipuko wa nyuklia. Huo mfumo wa mwisho ndo ufunguo wa uzi huu wote na ntaeleza kwanini.

Kabla ya kukata chochote tunapima. Chukua venia kalipa, kile kifaa cha kupimia milimita, hata ile ya plastiki ya bei ya chini inatosha, na kikokotoo cha simu. Kila kipimo cha kifaru halisi kwa milimita unagawa kwa 35. Upana wa kifaru ni mm 3270, kwenye modeli inatakiwa 93.4. Urefu wa bodi bila mzinga 6040, inakuja 172.6. Urefu wote mzinga ukiwa mbele mita 9, inakuja 257. Gurudumu kipenyo 810, inakuja 23.1. Upana wa mnyororo 580, inakuja 16.6. Tundu la mtutu 100, inakuja 2.9. Andika kwenye karatasi bandika ukutani mbele ya meza, hizo namba utazirudia mpaka zikae kichwani.

Yangu bodi iko sawa, upana sawa, mtutu uko sawa urefu ila tundu wamelifanya dogo kama mm 2, na magurudumu ndo shida, yana mm 22. Unaweza kusema milimita moja ni nini, lakini ×35 ni sentimita tatu na nusu kwenye kila gurudumu, na kifaru kizima kinakaa chini kuliko inavyotakiwa na mapengo kati ya magurudumu yanakuwa makubwa. Jicho linakuambia kuna kitu hakiko sawa hata kama hujui ni nini.

Ntaendelea jioni na tureti, yaani ile kofia inayozunguka, huko ndo kazi kubwa ilipo.

#2

Mkuu nakubali kazi yako ila kusema ukweli hiyo milimita moja nani ataiona? Paka rangi, weka matope kidogo, weka kabatini. Tusijitese bure.

#3

Kama unaunga kwa ajili ya kupumzisha akili baada ya kazi, unga ulivyopenda, hakuna mtu wa kukuhukumu. Mimi naongea na anayetaka kuandika chini ya modeli yake "JWTZ 1979". Ukishaandika hivyo umetoa taarifa, na taarifa inatakiwa iwe ya kweli. Hizi modeli zinaishia kwenye mashule, kwenye meza za ofisi, mtoto anaangalia anaamini ndo kilikuwa hivyo.

Sasa tureti. Shika ile tureti ya kwenye boksi iangalie kwa juu, mtutu ukielekea mbele. Kushoto kuna kifuniko cha kamanda, kulia kuna kifuniko cha mpakiaji risasi. Mbele ya kifuniko cha mpakiaji, kwenye T-54 na Type 59, kuna kikofia cha mviringo kimeinuka kama uyoga, ni cha feni ya kutoa moshi wa mzinga ndani. Kwenye T-55 hakipo kabisa. Walikiondoa kwa sababu ya ule mfumo wa nyuklia niliousema, ukitaka kifaru kizibe presha ya mlipuko isiingie huwezi ukaacha tundu kubwa kwenye paa limefunikwa na kikofia. Kwahiyo ukiona picha ya zamani hata iwe na ukungu namna gani, angalia hapo kwanza. Kikofia kipo, hiyo ni familia ya T-54 au Type 59. Hakipo, hiyo ni T-55. Ndo alama ya kwanza na ndo wanayoikosea zaidi.

Kukitengeneza sio kazi ngumu. Unahitaji shiti nyembamba ya plastiki, na hapa Bongo usihangaike kuagiza nje, kopo la mtindi lile lenye pembetatu na namba 6 chini ni polistirini, plastiki ileile ya modeli, gundi ya modeli inaishika vizuri kabisa. Namba 5 achana nayo, haishiki gundi. Kata kipande, toboa tundu kwenye mbao laini lenye kipenyo cha kikofia, chukua gololi ya beringi toka kwa fundi baiskeli inayopita kwenye hilo tundu ikabaki nafasi ya unene wa plastiki, igandishe kwenye kijiti. Pasha plastiki juu ya mshumaa, sio kwenye moto wenyewe, juu yake, mpaka ianze kulegea na kung'aa, iweke juu ya tundu haraka ubonyeze gololi mara moja bila kusita. Itatoka kuba nyembamba safi. Ikate kwa wembe, isugue kwa msasa laini, bandika.

Ukubwa wake unaupata kwa kulinganisha na kifuniko cha mpakiaji kwenye picha iliyopigwa kwa juu. Kifuniko tayari unacho kwenye modeli, kwahiyo unapima vyote viwili kwenye picha, unapata uwiano, unauhamishia kwenye plastiki. Hii njia itumie kwa kila kitu ambacho huna kipimo chake. Picha ya ubavu iliyopigwa toka mbali tumia gurudumu kama rula, unajua ni 810. Ila picha iwe imepigwa mbali, picha ya karibu inavimbisha kilicho mbele na vipimo vyote vinadanganya.

Alama ya pili, ile taa kubwa ya infraredi, ya kuonea gizani, iliyokaa kulia kwa mtutu kwenye T-55. Type 59 ya mwanzo haina. Usiibandike, na lile tundu lake kwenye tureti lizibe kwa pati, yaani ule udongo laini wa kuzibia modeli.

Alama ya tatu, bunduki nzito ya mm 12.7 ya kutungulia ndege kwenye kifuniko cha mpakiaji. T-54 walikuwa nayo, Mchina naye akabaki nayo. T-55 za mwanzo zilitoka kiwandani bila hiyo kitu kabisa maana Warusi waliona haitaifanya lolote ndege ya jeti, baadae wakairudisha. Kwenye boksi langu bunduki ipo kwenye fremu ya ziada ila maelekezo hayaigusi kabisa. Ipo, itumie.

#4

Naomba kuuliza mkuu, mimi nina T-55A ya kampuni nyingine kabisa, naweza kuigeuza kwa njia hizihizi? Na pia kuna yale maboksi ya MiniArt ya T-54 yana mpaka injini ndani, si bora mtu anunue hiyo?

#5

Inawezekana na ni njia hizihizi, tena kwenye T-55A, toleo la baadae la T-55, kuna kitu kimoja zaidi ambacho hata kwangu kimekosekana. T-54 ina bunduki ya mm 7.62 iliyofungwa ndani ya bodi mbele, haizunguki, dereva anabonyeza kitufe inapiga mbele moja kwa moja. Kwa nje unaona tundu dogo tu katikati ya ile sahani ya mbele iliyolala. Type 59 inalo, T-55A waliliondoa. Kwenye modeli ile sahani iko laini haina kitu, kwahiyo tafuta katikati kwa rula, weka alama kwa sindano kwanza ili drili isiteleze, toboa kwa drili ndogo ya mkono ya chini ya mm 1. Kazi ya dakika moja lakini ukishaitoboa uso wa kifaru unabadilika.

Kuhusu MiniArt ndiyo, wale wa Ukraine wametoa mfululizo mzima wa T-54 na T-55 na kwa mtu mwenye uwezo ukianzia kwenye T-54 kazi ya tureti inakuwa fupi sana. Ila ukijumlisha bei, usafiri na ushuru, wengi humu tutaunga kilichopo dukani au kilicholetwa na ndugu toka nje. Uzi huu ni wa huyo.

Halafu mtu kaniuliza inbox kwanini modeli hasa za zamani zinakuwa na makosa ya ajabu. Kuna sababu nyingi, ila moja inajulikana vizuri. Tamiya, kampuni ya modeli ya Japani, mwaka 1961 walitoa modeli ya kifaru cha Kijerumani cha Panther chenye mota, na ukubwa wake waliupata kwa kuangalia betri mbili na mota vikae wapi ndani ya bodi. Ndo hapo ilipotokea hii 1/35 tunayoitumia mpaka leo, haikutoka kwenye hesabu ya mtu yeyote. Wengine wote wakafuata. Kwahiyo kwa miaka mingi modeli ilikuwa kwanza mwanasesere anayetembea halafu ndo nakala ya kifaru, bodi zilitanuliwa, chini kuliachwa matundu ya swichi. Fremu nyingine za enzi hizo bado zinachapishwa na kuuzwa kwenye maboksi mapya, ukikuta matundu ya swichi kwenye tumbo la kifaru kaa chonjo, pima kila kitu.

#6

Sawa nimeelewa. Magurudumu je? Mkuu umesema ni madogo halafu ukaacha hewani.

#7

Nilikuwa nasubiri nimalize upande mmoja ili nisiongee nadharia. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kununua magurudumu ya resini ya ukubwa sahihi, ni ghali na yanatoka nje. Ya pili ni kuvisha kila gurudumu ukanda wa plastiki wa unene wa mm 0.5, ukizunguka unaongeza 0.5 kila upande kwahiyo 22 inakuwa 23, na hiyo 0.1 iliyobaki hakuna binadamu ataiona. Kata ukanda mrefu kidogo kuliko mzingo, anza kwa supaglu tone moja, subiri ishike, zungusha ukivuta, malizia kwa gundi nyembamba ya modeli ili iyeyushe kingo ziungane. Mwisho wa kiungio msasa. Gurudumu la T-54 lina raba halisi juu, kwahiyo ule ukanda unakuwa ndo raba, tena mstari wa kiungo kati ya chuma na raba unakuja wenyewe bila kuuchonga. Magurudumu ya kila upande ni mawili mawili, matano kwa matano, jumla 20, weka redio pembeni.

Ukishayarudisha kumbuka nafasi zao. Pengo kati ya gurudumu la kwanza na la pili ni kubwa kuliko mengine, hiyo ndo sura ya T-54 yote na Type 59. T-62, kifaru kingine cha Mrusi, mapengo makubwa yako nyuma. Modeli yangu imelipata hili, nasema ili ukinunua nyingine uangalie.

Sasa mnyororo, na hapa ntaongea kwa kirefu kidogo kwa sababu ndo kinachoua modeli nyingi hata zilizopakwa rangi vizuri. Type 59 haina vigurudumu vidogo vya juu vya kubeba mnyororo. Mnyororo wa juu unalala kwa uzito wake, unatoka kwenye gurudumu la meno nyuma, unabonyea unagusa migongo ya magurudumu, halafu unapanda kwenda mbele. Ni vyuma 90 kila upande na kila kimoja unahitaji mikono miwili kukibeba vizuri, kitu kizito namna hiyo hakiwezi kukaa kimenyooka hewani. Lakini boksi linakupa mnyororo wa raba, na raba inavuta, inakaa imenyooka kama mkanda wa suruali. Ukiwa na ile ya vipande vya plastiki kimoja kimoja bahati yako, unaunga mstari, ukiwa bado laini unaulaza juu ya magurudumu unaubonyeza kwa kidole unauacha ukauke hivyohivyo. Ukiwa na raba, toboa bodi ubavuni juu ya magurudumu ya katikati, pitisha waya mweusi mwembamba unaoshika mnyororo kwa upande wa ndani, vuta chini ukaze ndani ya bodi. Kwa nje hauonekani. Zaidi ya hapo ukipaka supaglu pale unapogusa gurudumu inatulia kabisa. Na kama upana wake hauko karibu na 16.6 tafuta mwingine maana huo hauna tiba.

#8

Aisee hii ya waya naichukua. Tureti yangu inang'aa kama kikombe cha plastiki, praima (rangi ya msingi) nimepiga lakini bado. Nini dawa?

#9

Praima haiwezi kukusaidia hapo, shida iko kwenye plastiki yenyewe. Tureti ya T-54 ilimwagwa kwenye mchanga, chuma kilichoyeyushwa, ikatoka na ngozi ya mchanga na haikusuguliwa. Bodi yenyewe ni sahani zilizochomelewa, kwahiyo bodi inatakiwa iwe laini na tureti iwe na vipele. Kwenye modeli vyote viwili viko laini na ndo maana kinaonekana mwanasesere.

Chukua pati ya modeli, iyeyushe kwenye kifuniko cha chupa kwa thina ya lakeri iwe kama uji mwepesi, paka sehemu ndogo, halafu kabla haijakauka igongegonge kwa mswaki wa zamani uliokatwa nywele zikabaki fupi. Usisugue, gonga. Acha ikauke kabisa, pitisha msasa laini juu juu tu kukata vile vichwa vilivyozidi. Vipele viwe vidogo, ukiona vinafanana na ukuta wa plasta umezidisha, futa anza upya. Paa usilipake. Paa la tureti ni sahani mbili zilizochomelewa, liko laini, na katikati yao kuna mshono wa weldi unaotoka mbele kwenda nyuma. Kwangu waliuweka kama mfereji uliochimbwa, wakati weldi inainuka. Huu nao tiba yake ni rahisi, chukua kijiti cha fremu, kipashe kwenye mshumaa ukivute kiwe uzi mwembamba, ulaze kwenye mfereji, paka gundi mara mbili tatu mpaka ulainike, halafu ubonyeze kwa ncha ya kisu kidogo kidogo kwa kufuatana. Ukiuangalia kwa karibu utaona yale mawimbi ya fundi weldi, yaani hiyo sehemu mimi huwa naitazama tu.

Mapanga ya pembeni yanayofunika mnyororo nayo ni manene sana. Milimita moja ya modeli ni 35 za kweli, na yale ni mabati tu. Sio lazima ubadilishe yote, kwangua kingo kwa wembe kwa upande wa chini mpaka ukingo unaoonekana uwe mwembamba, jicho linaamini ukingo. Vishikio vya tureti vile vya plastiki kata vyote, weka waya wa shaba wa ndani ya kebo ya umeme. Na tundu la mtutu lipanue mpaka mm 2.9 kwa ncha ya kisu ukizungusha taratibu, ukuta wa mtutu ubaki sawa pande zote. Ule uvimbe wa kunyonya moshi karibu na mdomo wa mtutu uache, ni sahihi, T-54A na Type 59 wote wanao pale mwishoni.

#10

Mimi nataka kuunga kile cha upande wa pili, cha Walibya pale Lukaya, niviweke viwili vinatazamana kwenye kipande cha barabara. Hiyo modeli yako inanifaa bila marekebisho?

#11

Inakufaa tena sana, na wazo lako ni zuri kuliko langu. Kwa T-55 usiweke kikofia cha feni, taa ya infraredi iache mahali pake, paa liache wazi bila ile bunduki ya 12.7 kama unaunga T-55 ya mwanzo. Tundu la bunduki ya bodi toboa kama ni T-55 ya kawaida, kama ni T-55A usitoboe. Magurudumu, mnyororo, ngozi ya tureti, weldi, mapanga, hivyo vyote unavirekebisha sawasawa na vya Type 59 maana makosa hayo yapo kwa wote wawili.

Na ukiviweka vinatazamana usivipe umbali mkubwa. Barabara ile imepita kwenye kinamasi, kifaru cha tani 36 kikitoka kwenye lami kinazama, kwahiyo vyote vibaki barabarani au kwenye ukingo wake, na majani ya mafunjo yaanze hapohapo mnyororo unapoishia. Pande zote mbili za barabara weka kinamasi, usiweke miti mirefu karibu. Mnyororo wa juu ujae tope mpaka kwenye meno ya gurudumu la nyuma. Tope lenyewe ntaeleza kwenye post inayofuata nikishachanganya rangi, ntaweka na picha za kila hatua.